Lami, bega, njia ya miguu au mitaa ya ndani: mwenye baiskeli Mtwara apite wapi?

Mwenye baiskeli katika mji wa Mtwara ana njia nne mbele yake: lami yenyewe, bega la barabara, njia ya waenda kwa miguu, na mitaa ya ndani yenye mchanga. Wengi wetu tunazitumia zote nne katika safari moja ya kwenda sokoni, wala hatukumbuki kama tumechagua. Mtu anatoka Magomeni kwa kupenya kati ya nyumba, anaingia lamini, akisikia honi ya lori anakimbilia begani, akikuta bajaji zimejipanga begani anapanda njia ya miguu, akina mama wenye ndoo wanampisha huku wakimwapiza, kisha huyo anachomoka tena lamini mbele ya bodaboda. Kila anapohama kuna mtu ambaye hakumtarajia pale alipotokea.

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Mtu mzima asiye na mzigo mkubwa, mchana, ndani ya mji: lami, upande wa kushoto, mahali anapoonekana. Mtoto, anayejifunza, na aliyebeba mtoto: mitaa ya ndani, hata safari ikirefuka. Bega ni la barabara ya Mikindani na ile ya Naliendele, na ni la mchana. Njia ya waenda kwa miguu ni ya kukokota baiskeli. Hili la mwisho najua litanipatia maadui, hasa vijana wa kusambaza mikate.

Nazipima njia hizi kwa mambo mawili. La kwanza ni tofauti ya kasi kati yako na unaopita nao. La pili ni kuonekana: yule anayetokea ubavuni, kwenye geti, kwenye kichochoro, au anayeshuka kwenye bajaji, huwa anatazama upande uliopo wewe kabla hajachomoza? Watu wengi huogopa gari la nyuma kwa kuwa hawalioni. Mimi naogopa zaidi la ubavuni, kwa kuwa dereva wake ndiye asiyeniona.

Mji wenyewe

Ulinganisho kama huu ukiufanyia Dar es Salaam utapata majibu mengine. Mtwara hii mpya, si Mikindani ya kale, ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walipotaka bandari ya kusafirishia karanga. Mpango wa Karanga ulianza 1947 ukafa 1951, na reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa na kung'olewa miaka ya 1960. Ramani ikabaki: barabara zilizonyooka, viwanja vikubwa, nafasi pana kati ya Shangani, Ligula na Chikongola, na ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ni tambarare. Kwa baiskeli hiyo ni neema. Ubaya ni kwamba barabara pana iliyonyooka humshawishi dereva akanyage mafuta, na kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi kikabaki kuwa kibao tu.

Malori nayo yameongezeka. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza uzalishaji mwaka 2015, makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanasafirishwa kupitia bandari yetu, na minada ya korosho ikianza Oktoba, barabara iendayo bandarini hubadilika kabisa tabia. Njia uliyoizoea Julai uipime upya Novemba.

Lamini

Mwendesha baiskeli wa kawaida huenda kilomita 15 hivi kwa saa. Gari linalomfuata kwa kasi ya 50 linamsogelea kwa tofauti ya 35. Mwenzake aliyeamua kwenda kinyume, upande wa kulia, anakutana na gari lile lile kwa jumla ya 65. Chukua umbali wa mita 50: wa kwanza dereva ana sekunde tano za kumwona na kuamua la kufanya, wa pili hazifiki tatu. Zaidi ya hapo, gari la nyuma linaweza kupunguza mwendo likakufuata taratibu mpaka nafasi ipatikane. La mbele halina namna ya kukufuata. Lazima mmoja wenu asimame au aondoke njiani.

Kosa la kwenda kinyume lina chanzo cha heshima. Utotoni tulifundishwa kwamba mwenda kwa miguu atembee upande wa kulia ayaone magari yanayokuja, na kwa miguu ni ushauri sahihi. Tukaubeba hadi kwenye baiskeli. Lakini mtembea kwa miguu anaweza kuruka pembeni, mwenye madumu ya maji kwenye keria hawezi. Halafu kuna dereva anayetoka kichochoroni akitaka kukata kushoto: anatazama kulia tu, maana magari ya kumgonga yanatoka huko. Wewe unayekuja kutoka kushoto kwake humo kwenye hesabu.

Ukishakubali kwenda kushoto, usijibane ukingoni kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Acha kama mita moja. Ukingoni ndiko kuna mchanga, vioo vya chupa na mtaro, na ndiko abiria wa bajaji wanakoshukia bila kutazama. Ukijibana, dereva wa nyuma anaona kuna nafasi ya kupita hata kama gari jingine linakuja mbele. Ukiwa mita moja ndani, atalazimika kuamua: akupite vizuri au asubiri. Wapo watakaopiga honi. Honi ni uthibitisho kwamba umeonekana, na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Kwenye matuta pana mtego ambao sijasikia ukizungumzwa. Bodaboda nyingi hazipandi tuta katikati, zinalikwepa kwa kupita ule upenyo mwembamba ukingoni. Na wewe pia, kwa kuwa tuta linaumiza mgongo na kumwaga mzigo, unaelekea upenyo huo huo. Mita kama ishirini kabla ya tuta geuza shingo utazame nyuma, kisha uchague. Mimi napanda tuta katikati ya upande wangu, nimenyanyuka kidogo kwenye siti, na bodaboda nawaachia upenyo wao.

Kwenye kipilefti ukizunguka ukiwa umeganda ukingo wa nje, kila gari linalotoka linakukata mbele. Ingia ukiwa katikati ya njia yako, nyoosha mkono unapotaka kutoka, kisha urudi pembeni ukishatoka. Ukiona moyo haujakubali, shuka, vuka kwa miguu kwenye alama za pundamilia. Hakuna aibu.

Lori nalitenga peke yake. Dereva amekaa kulia, nawe uko kushoto chini ya dirisha la utingo, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi kitu. Likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakatiza ndani zaidi, juu ya kona uliyosimama wewe. Kwa hiyo lori lililosimama penye makutano usilipite kwa kushoto, hata kama nafasi inaonekana inatosha baiskeli tatu. Kaa nyuma yake, mahali ambapo unakiona kioo chake cha pembeni. Kama wewe huoni kioo, yeye hakuoni wewe.

Njia ya waenda kwa miguu

Hapa ndipo penye ubishi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayepanda njia ya miguu ana hoja, na hoja yake ni lori. Siipuuzi. Lakini yeye akipanda pale, anakuwa yeye ndiye lori la wengine. Mtu mzima anatembea kilomita 5 kwa saa, wewe 15, mara tatu yake. Tena mtembea kwa miguu hana mstari. Anasimama ghafla kupokea simu, anageuka kumwamkia mtu, anashusha ndoo kupumzika. Ni haki yake, ile ni njia yake. Kengele yenyewe haisaidii kama tunavyodhani: inamwambia mtu kwamba kuna kitu, haimwambii aende upande gani. Ukimpigia mzee anayetembea katikati, hujui kama ataruka kushoto au kulia, na yeye mwenyewe hajui.

Niliwahi kusikia mazungumzo ya namna hiyo karibu na hospitali ya Ligula, pale wagonjwa na wauguza wagonjwa wanapopita na vikapu vyao vya chakula. Kijana mwenye baiskeli alimkwepa bibi mmoja kwa kusimama ghafla, gurudumu likagusa kikapu.

“Mjukuu wangu, na huku nako mnatufuata?”

“Shikamoo bibi. Unisamehe. Kule lamini kuna malori.”

“Marahaba. Basi shuka, ukokote. Sijakufukuza.”

Bibi yule aliiona tofauti ambayo wengi wetu hatuioni. Anayekokota baiskeli ni mtembea kwa miguu mwenye mzigo, anakwenda kwa kasi ya wenzake. Kutoka kona ya hospitali hadi unapopita msongamano ni dakika mbili za kukokota. Hakuna mkate utakaopoa kwa dakika mbili.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kujihurumia mwenyewe. Njia ya miguu inakukinga pale tu ambapo hakuna makutano. Mitaa ya Majengo na Chikongola ina kichochoro, geti au mlango wa duka kila baada ya hatua chache, na kila mmoja ni makutano madogo. Dereva anayetoka getini anategemea mtu anayetembea. Anaangalia hatua mbili tatu kila upande, akiona pako wazi anatoka kuisubiri lami. Kwa mwendo wako wa 15 unasafiri mita nne kila sekunde, kwa hiyo alipotazama wewe ulikuwa bado hujafika ndani ya macho yake. Unakuwa umeikimbia hatari ya nyuma unayoihofia ukaifuata ya ubavuni usiyoifikiria.

Halafu mtaro. Sehemu nyingi njia ya miguu ni mifuniko ya zege juu ya mtaro, na mifuniko mingine imevunjika au imechukuliwa na watu wasiojulikana (ingawa jikoni kwa watu fulani kuna jiwe zuri sana la kuwekea ndoo). Tairi jembamba likiingia kwenye ufa wa urefu, usukani hauna la kukusaidia. Ongeza magenge ya nyanya, jiko la mama lishe, kibanda cha vocha na pikipiki zilizoegeshwa, na utaona kwamba ukipita pale kwa usalama umekwenda polepole kuliko anayetembea.

Naruhusu nini? Mtoto mdogo anayekwenda polepole na mkubwa anatembea ubavuni mwake, sina neno. Pale lami ilipochimbwa kuna mafundi, sina neno pia, lakini ukikutana na mtu weka mguu chini. Saa za wanafunzi kwenda na kutoka shule usijaribu kabisa. Watoto wa shule ya msingi hutembea wanne wanne wakisukumana, na mmoja atasukumwa kuelekea kwako.

Begani

Bega lina sifa nzuri kwenye karatasi: hauko na magari, hauko na watembea kwa miguu. Ndani ya mji sifa hiyo haipo, kwa sababu bega ndiyo stendi ya bajaji, sehemu ya bodaboda kukaa kivulini, na njia ya bodaboda wanaokwenda kinyume kwa kufupisha safari. Ukilitumia mjini utakuwa unaingia na kutoka kila dakika, na kule kuingia na kutoka ndiko kunakoumiza.

Nje ya mji mambo yanageuka. Ukishaiacha Mtwara kuelekea Mikindani, kilomita kumi hivi, magari yanakimbia, tofauti ya kasi inakuwa kubwa mno, na makutano ni machache. Hapo bega linashinda lami bila mjadala. Barabara ya Naliendele vivyo hivyo. Angalia tu mambo haya.

Lori likikupita kwa kasi kwanza linakusukuma kwa upepo, halafu linakuvuta. Shika usukani kwa mikono miwili na usiinamishe mwili kuupinga ule upepo wa kwanza, kwa sababu ukikatika utaangukia upande wa barabara. Miezi ya kusi ukienda Mikindani upepo unakuwa mgongoni, unaona umekuwa bingwa. Wakati wa kurudi ndipo unapojua, na ni wakati huo umechoka, kichwa kimeinama, hutazami mbele. Panga safari kwa ajili ya kurudi.

Ukingo wa lami ulioliwa na mvua unaweza kuacha ngazi kati ya lami na mchanga. Ukitumbukia, usijaribu kurudi kwa mshazari mdogo: tairi la mbele litasugua ule ukingo, likatae kupanda, na wewe utupwe upande wa magari. Punguza mwendo, simama kama inabidi, panda kwa pembe pana. Na mbuzi. Mbuzi wa kusini mwa nchi hii hawajui bega ni la nani, na akianza kuvuka mmoja jua wapo wengine nyuma yake.

Ukifika Mikindani kwenyewe, pale barabara inapoikumbatia ghuba na nyumba za kale za mawe zimesogea, acha kulitegemea bega. Tazama nyuma, nyoosha mkono, chukua nafasi yako lamini mapema kabla bega halijaisha. Anayesubiri mpaka liishe anaingia barabarani kwa kushtukiza, na lori la saruji halina breki za kushtukiza.

Mitaa ya ndani

Sina mengi ya kusema kuhusu mitaa ya ndani, na huo ndio uzuri wake. Kasi ni ndogo, watu wanafahamiana, mtu akikugonga anajua utamkuta kwao. Mchanga ndio adui: tairi jembamba linazama, gurudumu la mbele linateleza, unashuka na kukokota. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, madimbwi yanaficha mashimo. Watoto wanacheza, kuku wanavuka, na bodaboda anayejua njia ya mkato anakuja kwa kasi ambayo mtaa haukuitarajia. Unapochomoza kwenye barabara kubwa simama kabisa, mguu chini, tazama kulia, kushoto, kulia tena. Kwa njia hii, hatari karibu yote iko pale mdomoni.

Mzigo unabadilisha jibu

Yote niliyosema ni ya baiskeli tupu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, pengine kuliko uzito wako. Breki za vyuma za baiskeli zetu za kizamani, zile zinazobana rimu kwa fito, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na rimu ya chuma ikilowa mvua breki zinakaribia kuwa pambo. Mwenye mzigo wa namna hiyo nampendekezea mitaa ya ndani asubuhi mapema. Akiwa hana budi kupita lamini, apite kwa mwendo ambao anaweza kusimama kwa miguu yake.

Tenga la samaki au mzigo wa mihogo uliowekwa kwa upana ni jambo jingine. Wewe unapita, mzigo haupiti. Mwenye tenga pana asikanyage njia ya miguu kabisa, na begani ajue kwamba ncha ya mzigo iko lamini ingawa yeye mwenyewe hayupo. Funga kitambaa chekundu au cheupe kwenye ile ncha ya kulia.

Abiria anayekaa upande kwenye keria, kama akina mama wengi wanavyokaa, miguu yake iwe kushoto. Ikiwa kulia inaning'inia njiani mwa magari. Ncha za kanga na za baibui zikunjwe na kukaliwa. Kitambaa kikiingia kwenye spoki gurudumu linafunga ghafla, na mnaanguka wote wawili mahali ambapo hamkuchagua. Ukiwa na abiria wa namna hii usipite karibu na nguzo wala ukuta, magoti yake yametokeza kuliko usukani wako. Kava la cheni, lile ambalo mafundi hulitoa eti linapiga kelele, lirudishwe.

Jua likizama

Mwezi wa Juni jua la Mtwara huzama mara tu baada ya saa 12 jioni, wakati wengi ndiyo kwanza wanatoka kazini na sokoni. Kwa asiye na taa, pendekezo langu la lami linafutika. Aende mitaa ya ndani au akokote. Zile barabara zilizowekewa taa kwenye TSCP, mradi wa kuboresha miji, zimesaidia sana, lakini kati ya nguzo mbili kuna giza, na taa ikiungua giza hilo linakuwa refu.

Wengi wanadhani kiakisi mwanga cha nyuma kinatosha. Kinafanya kazi pale tu taa za gari zinapokielekea, yaani gari lililo nyuma yako. Dereva anayetoka kichochoroni taa zake zinamulika ng'ambo ya barabara, hazikugusi mpaka uwe mbele yake. Huyo anahitaji kuona mwanga unaotoka kwako. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya taa moja tu na safari zako ni za kati ya Shangani na Magomeni, nunua ya mbele, nyeupe, na uifunge kwenye usukani badala ya kuishika mdomoni kama tochi ya mvuvi. Ukiwa mtu wa kurudi Mikindani usiku, begani, pesa hiyo hiyo inunue nyekundu ya nyuma.